Namna ya Kuandaa Hanuka na Majira ya Baridi katika Nyumba ya Wazee wa Kiyahudi: Mwongozo kwa Wahudumu Wanaozungumza Kiswahili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhudumu anayezungumza Kiswahili ambaye amepangiwa, pengine kwa mara ya kwanza, kusaidia shughuli za Desemba katika nyumba ya wazee wa Kiyahudi huko Amerika ya Kaskazini. Mimi mwenyewe niliingia katika kazi hiyo karibu na Boston nikiwa na ujuzi wa kuogesha, kulisha na kumgeuza mgonjwa kitandani, lakini sikujua hata mshumaa wa kwanza huwekwa upande gani. Baada ya majira kadhaa ya baridi nimeona kwamba mambo mawili ndiyo yanayoamua kama jioni itakwenda vizuri, nayo ni saa ya kuchwa kwa jua na maswali uliyowauliza wakazi wiki kadhaa kabla. Mapambo hayamo.

Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha mishumaa kwa usiku 8, maana yake ni kuweka wakfu, na wasomaji wa Injili ya Yohana kwa Kiswahili wamekutana nayo katika sura ya 10, aya ya 22, kwa jina la Sikukuu ya Kutabaruku. Inakumbusha mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo na wenzake walipolitakasa Hekalu la Yerusalemu baada ya kulitwaa tena kutoka kwa majeshi ya mfalme Antioko wa Nne. Talmudi, yaani mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, inaongeza habari ya chupa moja ya mafuta safi, ya kutosha siku moja tu, iliyowaka siku 8. Kwa sheria ya dini hii ni sikukuu ndogo, kwa maana watu huendelea na kazi zao, hupika na husafiri. Ukubwa wake nchini Marekani umetokana kwa sehemu na jirani yake wa Desemba, na ndiyo sababu mhudumu anayeiita "Krismasi ya Wayahudi" mbele ya mkazi hupewa mhadhara wa nusu saa ambao, kusema kweli, mara nyingi huwa mzuri.

Hatua ya kwanza: Tafuta tarehe, kisha tafuta saa

Miezi ya Kiyahudi hufuata mwezi wa angani, lakini mwaka wake hurekebishwa ili usiachane na majira ya jua. Kwa hiyo Hanuka, ambayo daima huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu, huhama katika kalenda ya ukutani. Mwaka 2025 ilianza jioni ya tarehe 14 Desemba. Mwaka 2026 inaanza jioni ya Ijumaa tarehe 4 Desemba. Na mwaka 2027 inaanza jioni ya tarehe 24 Desemba, ambayo ni mkesha wa Krismasi. Neno "jioni" lina uzito hapa. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapokuchwa, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, kwa kuwa kwetu pia usiku wa Ijumaa, kwa desturi ya zamani, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wenzako Wamarekani ndio watakaokosea, wakaandika ubaoni tarehe ya kesho yake na kuwaleta wakazi ukumbini siku moja imeshapita.

Ukishajua tarehe, tafuta saa. Mwanzoni mwa Desemba jua la Boston huchwa kama saa kumi na dakika kumi na mbili, wakati ambao Mombasa jua bado linachoma. Zamu ya alasiri imeingia saa tisa na bado inapokea taarifa, jiko linaandaa chakula cha jioni, na ni saa hiyohiyo ambapo wazee wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, huanza kuhangaika, wakatafuta makoti yao na kuuliza gari la kwenda nyumbani liko wapi. Omba mapema watu wawili wa ziada kuanzia saa tisa na nusu. Washa taa zote za ukumbi na za korido kabla giza halijaingia, kwa sababu giza linaloingia polepole dirishani ndilo linalowatia wazee hao hofu, na mzee aliyekwisha kuingiwa na hofu hatatulizwa na mishumaa.

Hatua ya pili: Muulize kila mkazi, na uandike alichokujibu

Kosa kubwa la mgeni ni kudhani kwamba Wayahudi wote wanaadhimisha Hanuka moja. Katika ghorofa moja unaweza kumkuta mzee wa Kiorthodoksi, yaani Myahudi anayeshika sheria za dini yake kikamilifu, anayetaka kuwasha kinara chake mwenyewe kila jioni bila kukosa, na jirani yake ambaye hakuwahi kuwasha mshumaa maishani na hataki kuanza akiwa na miaka 90. Unaweza kumkuta bibi aliyezaliwa Morocco, ambaye kwake sikukuu hii ni sfenj, yaani andazi la duara lenye tundu ambalo mla mahamri atalitambua mara moja, pamoja na mhandisi mstaafu aliyekulia Umoja wa Kisovyeti, ambako elimu ya dini ilizuiwa, hivyo maneno ya baraka anayasoma kwa shida kama wewe. Wiki nne au tano kabla, kaa na kila mmoja kwa dakika kumi na umuulize nani aliwasha kwao alipokuwa mtoto, nani alisema baraka, walikula nini, na sasa angependa kukaa ukumbini au chumbani. Kwa wale ambao kumbukumbu imewatoka, waulize watoto wao. Majibu yaandike katika daftari la shughuli, kwa maana zamu ijayo haikusikia mazungumzo yenu.

Uliza pia namna ya kumwita. Kwetu kumtaja mzee kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu, na wengi wetu huwaita wakazi wote "Mama" na "Baba" kwa nia njema kabisa. Wapo wanaofurahi, lakini yupo pia profesa mstaafu atakayekujibu kwamba yeye si mama yako na kwamba alipata shahada yake ili aitwe Daktari. Ana haki.

Kundi moja linahitaji uangalifu wa pekee, nalo ni la wakazi walionusurika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliobaki leo walikuwa watoto au vijana wakati huo, na kadiri dimenshia inavyofuta mambo ya karibuni ndivyo mambo ya utoto yanavyorudi yakiwa mabichi. Mkazi wa namna hiyo anaweza kuficha mkate ndani ya kitambaa cha mezani, na asiporwe mkate huo mbele ya macho yake. Usubiri alale, kisha uweke mpya. Anaweza kuogopa kupangwa foleni kwenye mlango wa ukumbi, kuamriwa kwa sauti ya juu au kusikia king'ora. Kwa ajili ya huyo, ukumbi ujazwe kwa vikundi vidogo badala ya msururu wa viti vya magurudumu, na jaribio la king'ora cha moto lisipangwe katika wiki ya sikukuu ikiwa linaweza kusogezwa.

Wakazi nao watakuuliza maswali. Ukisema umetoka Afrika ya Mashariki, uwe tayari kuulizwa kuhusu Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyo karibu na Mbale nchini Uganda, ambayo ilianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Nilikuwa sijawahi kuisikia mpaka nilipoulizwa na mkazi wa Boston, na nikaona aibu kidogo.

Hatua ya tatu: Malizeni suala la moto kabla ya kununua mishumaa

Moto wa wazi na mitungi ya oksijeni havikai chumba kimoja, na hilo halina mjadala. Wakati huohuo, marabi wengi hawaruhusu baraka kusemwa juu ya taa ya umeme, kwa hiyo mkazi mshika dini akipewa kinara cha betri ataona kwamba amenyimwa ibada yenyewe. Kaeni mezani mapema, rabi wa nyumba, msimamizi wa usalama wa moto na muuguzi mkuu, mkubaliane kwa maandishi. Mpango ambao nimeuona ukifanya kazi ni kuwa na kinara kimoja cha mishumaa ya kweli mahali pa pamoja pasipo na oksijeni, juu ya trei pana ya chuma, mbali na mapazia, huku mhudumu mmoja akiwa amekaa kando yake mpaka mshumaa wa mwisho uzimike wenyewe. Vyumbani huwekwa taa za betri. Mkazi anayetumia oksijeni na anayetaka kuwa karibu akae penye umbali ambao muuguzi ameupima, si ambao wewe umeukadiria.

Jihadhari na pambo moja linaloonekana halina ubaya. Mshumaa mmoja ndani ya glasi, unaowaka saa 24, ndio ambao Wayahudi huuwasha kumkumbuka marehemu siku ya mwaka wa kifo chake. Ukiweka taa za glasi za namna hiyo juu ya kila meza kwa ajili ya kupendezesha, utakuwa umeandaa matanga.

Hatua ya nne: Ingia jikoni kwa adabu

Jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula, hutenganisha nyama na maziwa, kuanzia vyombo hadi sinki, na huwa na msimamizi wake wa kidini ambaye neno lake ni la mwisho. Chakula ulichopika kwako, hata kama ni mandazi yasiyo na nyama wala maziwa, hakiingii jikoni humo wala hakiwekwi kwenye meza za wakazi. Chakula chako ukile katika chumba cha wahudumu.

Vyakula vya Hanuka hukaangwa kwa mafuta kwa kumbukumbu ya ile chupa. Latke ni viazi na kitunguu vilivyoparuzwa, vikakamuliwa maji, vikachanganywa na mayai na unga kidogo, kisha vikakaangwa kama vibibi vidogo. Swali la kwanza la kumuuliza msimamizi ni kama mlo wa jioni hiyo ni wa nyama au wa maziwa, kwa sababu latke zinazoandamana na nyama ya kidari haziwezi kupakwa krimu chachu; hizo huliwa na rojo la tufaha, ambalo halihesabiwi kuwa la nyama wala la maziwa. Pale Israeli na sasa kwingineko kwingi huliwa pia donati zilizojazwa jemu.

Kwa mwenye shida ya kumeza, kingo kavu za latke ni hatari, hivyo zungumza na mtaalamu wa kumeza kuhusu mkazi huyo wiki moja kabla, ili jiko limpatie latke laini iliyosagwa yenye ladha ileile badala ya kumwachia bakuli la uji wakati wenzake wanasifia viazi. Mwenye kisukari apewe donati nusu na muuguzi ajue. Kumnyima kabisa mtu wa miaka 88 donati ya sikukuu, kwa maoni yangu, ni ukali usio na faida, lakini uamuzi huo ni wake, wa familia na wa muuguzi.

Hatua ya tano: Jioni yenyewe, kwa mpangilio wake

Kinara cha Hanuka kina nafasi 9. Nafasi 8 ni za usiku 8, na ya tisa, iliyo juu kidogo au kando, ni ya mshumaa unaoitwa shamashi, yaani mtumishi, ambao kazi yake ni kuwasha mingine. Usiku wa kwanza huwekwa mshumaa mmoja pamoja na shamashi, usiku wa pili miwili, na kuendelea hivyo, ndiyo maana boksi moja huwa na mishumaa 44. Mishumaa hupangwa kuanzia mkono wa kulia wa anayekitazama kinara, lakini huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya ukitangulia. Mwaka wangu wa kwanza niliipanga kinyume, na mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno kwa siku mbili alifumbua macho, akatamka kwa Kiingereza safi kwamba nimekosea, kisha akaendelea kusinzia.

Wakazi waanze kuletwa dakika 30 kabla, wenye usikivu hafifu wakiwekwa mbele karibu na kipaza sauti na wenye wasiwasi karibu na mlango. Gawa karatasi za baraka zilizochapwa kwa herufi kubwa, zikiwa na Kiebrania, na matamshi yake kwa herufi za Kilatini na za Kirusi. Karatasi zenye jina la Mungu kwa Kiebrania hazitupwi kwenye pipa. Zikusanye zote mwishoni umkabidhi rabi.

Shamashi huwashwa kwanza. Husemwa baraka mbili, na usiku wa kwanza huongezwa ya tatu ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu, kisha mishumaa huwashwa. Anayesema baraka na kuwasha ni mkazi, si mhudumu asiye Myahudi, kwa kuwa amri hiyo ni yao. Mkono wake ukitetemeka, shika kiwiko kwa chini, umwache yeye ashike mshumaa. Usimpokonye kwa sababu unaona jiko linasubiri. Halafu ziimbwe nyimbo. Hapo ndipo utaona mtu asiyemkumbuka mwanawe akiimba beti tatu bila kukosea. Usimkatize kumsifu.

Mishumaa inatakiwa iwake angalau nusu saa baada ya usiku kuingia, na kwa desturi haitumiwi kama taa ya kufanyia kazi, ndiyo maana baadhi ya wanawake wa Kiyahudi huacha kabisa kazi za nyumbani muda wote inapowaka. Wape wakazi nusu hiyo ya saa bila televisheni.

Hatua ya sita: Ijumaa, ambazo mwaka 2026 ni mbili

Sabato huanza Ijumaa jioni, na kwa mshika dini ni marufuku kuwasha moto au umeme kuanzia hapo. Kwa hiyo siku ya Ijumaa mishumaa ya Hanuka huwashwa kwanza, halafu ile ya Sabato, ambayo kwa kawaida huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuchwa. Tarehe 4 Desemba 2026, kule Boston, hiyo ni kama saa kumi kasoro dakika sita. Kwa kuwa imewashwa mapema na inapaswa kufika nusu saa baada ya usiku kuingia, mishumaa myembamba ya boksi haitoshi. Tumia minene au vikombe vya mafuta ya zeituni vinavyoweza kuwaka kwa muda wa saa mbili. Mwaka huo usiku wa kwanza na usiku wa nane yote inaangukia Ijumaa, kwa hiyo jioni ile yenye kinara kilichojaa, ambayo familia nyingi hupenda kuja, itakuwa na haraka kuliko zote. Waarifu wageni kwamba ifikapo saa tisa na nusu wawe wameshaketi.

Taa za betri za vyumbani ziwashwe kabla ya Sabato na ziachwe, mkazi asilazimike kubonyeza chochote. Picha zisipigwe kuanzia hapo, na mchezo wowote unaohitaji kuandika usubiri Jumamosi usiku, baada ya nyota kuonekana.

Hatua ya saba: Mchezo wa pia, sarafu na wageni

Dreideli si kitu kigeni kwetu, kwa kuwa ni pia ya kuzungusha, yenye pande nne. Kila upande una herufi ya Kiebrania, na herufi zote pamoja hudokeza sentensi isemayo kwamba muujiza mkubwa ulitokea kule. Ikiangukia nun hupati kitu, gimel unazoa vyote vilivyo katikati, hei unachukua nusu, na shin unatoa chako. Kwa mikono yenye baridi yabisi tafuta pia kubwa yenye mpini mnene, na izungushwe ndani ya trei yenye kingo ili isidondoke. Kete za kawaida ni sarafu za chokoleti, ambazo karatasi yake ya kung'aa iondolewe kabla ya kumpa mwenye dimenshia.

Wajukuu wakija, wape wazee nafasi ya kutoa badala ya kupokea tu. Desturi ni kuwapa watoto fedha kidogo. Andaa bahasha zenye noti ya dola moja moja siku iliyotangulia, na mkazi azigawe kwa mkono wake. Mtoto mwenye kikohozi arudishwe mlangoni kwa upole, kwani homa ya mafua katika jengo la wazee si jambo dogo.

Hatua ya nane: Tarehe 25 na tarehe 31 Desemba

Kwa wengi wetu tulio Wakristo, Krismasi ndiyo siku ya kuomba ruhusa, na katika baadhi ya nyumba Wayahudi wa mtaani hujitolea siku hiyo kugawa chakula na kukaa na wakazi. Panga zamu mwezi wa Novemba ukijua hilo. Kwa Wayahudi wengi wa Marekani siku hiyo ina desturi yake, nayo ni chakula cha Kichina na filamu, na jiko la kosheri linaweza kukipika bila shida.

Jambo linalowachanganya wahudumu zaidi ni mti. Mkazi aliyetoka Umoja wa Kisovyeti akiomba mti uliopambwa, usidhani amebadili dini. Kule mti huo uliruhusiwa tena mwaka 1935 ukiwa ni wa Mwaka Mpya, usio na dini ndani yake, na familia za Kiyahudi ziliukusanyikia kama wengine, pamoja na machenza na saladi ya viazi. Lakini mkazi wa Kiorthodoksi atakayeukuta mapokezini hatasikiliza historia hiyo. Sherehe ya tarehe 31 ifanyike katika ukumbi mdogo wa ghorofa, kwa muziki wa Kirusi na machenza kwa wingi, na suala la mti liamuliwe na uongozi pamoja na rabi, si na wewe mwenye ufunguo wa stoo.

Hatua ya tisa: Baada ya Hanuka, hadi Januari

Wageni wakishaondoka, wiki zinazofuata ndizo ndefu. Panga jambo dogo la kudumu, kama vile chai ya saa nne asubuhi kando ya dirisha linalotazama theluji, kila mtu akiwa na blanketi lake magotini. Tarehe 10 ya mwezi wa Teveti ni mfungo wa mchana mmoja, ambao mwaka 2026 ni Jumapili tarehe 20 Desemba. Wagonjwa hawalazimiki kufunga, lakini yupo atakayekataa kifungua kinywa kimyakimya, kwa hiyo muuguzi anayetoa insulini aambiwe tangu jana yake, na rabi aombwe azungumze na mzee huyo mwenyewe.

Sikukuu ya mwisho ya kipindi hiki kabla ya Purimu, ile sikukuu ya kumkumbuka Malkia Esta, ni Tu Bishvati, mwaka mpya wa miti, ambayo mwaka 2027 huanza jioni ya Ijumaa tarehe 22 Januari. Huliwa matunda, hasa yale yanayotajwa katika mazao 7 ya Kumbukumbu la Torati, yaani ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na tende. Kwa mtu wa Zanzibar au Lamu meza hiyo ni ya nyumbani kabisa. Tende na tini zipasuliwe mchana, kokwa za tende zitolewe na kila moja ikaguliwe kwenye mwanga, kwa sababu sheria ya kosheri inakataza kula wadudu. Kazi hiyo wakazi wenye macho mazuri huipenda, nao huweza kukaa nayo saa nzima wakizungumza, ilimradi umewawekea bakuli mbili, moja la tende na moja la kokwa.